Jiko la Miguu Mirefu

Katunge ameniletea picha tena. Tangu tumzike mama yake kule Ikutha, huyu mtoto wa dada yangu hatulii. Anataka sisi sote, yeye na mumewe na watoto wao, na mimi pia na magoti yangu haya, tuingie kwenye magari mwezi wa Desemba, tushuke barabara ya Mombasa, tulale kwenye mahema karibu na Tsavo, tuchome nyama na tukae pamoja kama watu wa familia moja. Wazo si baya, na wala sijalikataa. Kilichonishinda ni kwamba amenipa mimi kazi ya kuchagua jiko la kubeba. Picha zinaingia kwenye simu mchana kutwa: jiko la gesi linalojikunja kama sanduku, jiko la mkaa lenye kifuniko cha mviringo, jingine jembamba la kuweka mezani ambalo halitoshi hata mguu mmoja wa mbuzi. Chini ya kila picha ameandika, "Anti, chagua wewe, mimi naona yote ni sawa." Nimekaa na chai mpaka ikashika utando, na sijamjibu. Yote si sawa. Mimi najua habari za majiko ya safari kuliko mtu yeyote wa rika langu katika mtaa huu, kwa sababu kuna mwaka mzima wa ujana wangu ulioliwa na jiko la namna hiyo, na Katunge mwenyewe alikuwepo. Alikuwa mgongoni mwangu, ananilowesha.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza fomu foo na niko tu, nangoja matokeo, ndipo dada yangu Mwende akaniita Sultan Hamud nimsaidie kulea. Alikuwa akiishi na Musyoka, aliyeuza spea za magari katika duka lililotazama barabara kuu. Walikaa nyuma ya duka hilo hilo, katika vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa plaiwudi, na mimi nililala upande wenye mali: mikanda ya feni ikining'inia juu ya kichwa changu, springi za malori zikiwa zimepangwa miguuni. Kila kitu mle ndani kilinuka grisi, hata uji wa mtoto. Tulikula muthokoi karibu kila siku, yale mahindi yaliyokobolewa, yamepikwa na mbaazi mpaka yakalainika, na Jumapili baada ya kanisa Musyoka alileta nyama. Nilimpenda, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa kucheka, mkarimu, asiyejua kumfokea mtoto, na alimwita Mwende "mama Katunge" kwa sauti ya kujivunia mpaka wateja wakatabasamu. Lakini hakuwa amemwoa.

Kwa sisi Wakamba jambo hili halina mzunguko. Mwanamume akitaka mke huleta mbuzi watatu nyumbani kwa baba wa msichana, na mbuzi hao ndio tunaowaita ntheo. Haji peke yake, na hapo ndipo penye kazi: huja na wazee wa kwao, baba yake au ndugu za baba yake, kwa sababu wao ndio wanaosema maneno. Mbuzi mmoja huchinjwa palepale, watu wanakula, na kuanzia siku hiyo yule msichana ni mke wa mtu. Kabla ya hapo, hata muwe na watoto saba na nyumba ya mawe, bado ni msichana wa baba yake aliyeenda matembezi. Mahari yenyewe inaweza kungoja miaka na hakuna atakayelia, ntheo haingoji. Baba yetu, mzee wa kanisa pale Ikutha, hakuwa mkali. Hakumtukana Mwende wala hakumfukuza. Alisema tu kwamba hatakula chakula nyumbani kwake na hatamwita Musyoka mkwe mpaka wazee waje. Na mwaka huo moyo wake ulikuwa umeanza kumchokea. Miguu ilimvimba, na kutoka mlangoni hadi kwenye zizi ilibidi asimame apumue. Mwende alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: kwamba baba yake awapokee wale mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, angali hai.

Pesa haikuwa shida ya Musyoka. Mbuzi watatu angewanunua wiki yoyote aliyotaka. Shida yake ilikuwa wazee. Baba yake alikuwa ameshafariki, na aliyebaki wa kumsemea ni baba yake mdogo, mzee mmoja wa Mbooni, ambaye walikosana naye juu ya shamba siku ileile ya mazishi ya baba yake, wakatupiana maneno mbele ya watu. Ili afike Ikutha, ilibidi kwanza apande Mbooni akaseme amekosa, na hilo lilimkaa kooni. Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, niliwasikia kupitia plaiwudi. Mwende alikuwa akisema kwamba Baba anazidi kudhoofika. Musyoka akajibu ataenda, si ameshasema ataenda? Mwende akauliza lini. Hapo kijiko kikagonga kikombe, kisha Musyoka akauliza kama kuna mandazi yaliyobaki.

Ndipo ikaja ile familia ya Nairobi. Gari lao lilikatika mkanda mbele ya duka letu, na wakati fundi akihangaika nalo, yule baba, mtu wa kaptura na miguu myembamba, alifungua buti akatoa kitu bapa. Akakivuta huku na huku, kikawa jiko. Akamwaga mkaa, akapanga vipande vya kuku, mkewe akatandika mkeka akajilaza na gazeti lake, na watoto wakakimbizana kando ya lami kana kwamba hakuna kilichoharibika. Musyoka alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akawatazama mpaka mteja akamwita mara ya tatu. Jioni hakuwa na hadithi nyingine. Alimwambia Mwende kwamba wao pia ni familia, wana pikapu, wana mtoto, barabara iko mlangoni, sasa kwa nini wakae nyuma ya duka Jumapili nzima wakinusa grisi? Watatafuta jiko kama lile. Watatembea. Mwende alikuwa anachambua mbaazi kwenye uteo. Akauliza, polepole, watatembea mpaka wapi. Musyoka akasema kokote atakapo. Mwende akarudi kwenye mbaazi zake, lakini nilimwona amefurahi, kwa sababu mahali alipotaka kwenda palikuwa pamoja tu, Ikutha, na wote wawili walipajua.

Tukaingia katika kuchagua jiko, na sijawahi kuona kitu kidogo hivyo kikijaza nyumba. La kwanza lilikuwa nusu pipa, lile la kawaida la hotelini, ambalo Musyoka aliazima kwa jirani ili alijaribu. Lilichoma vizuri, hakuna ubishi, lakini lilitaka wanaume wawili kulipandisha kwenye pikapu na likaacha masizi hadi kwenye godoro la mtoto. La pili lilikuwa rimu ya gari iliyochomelewa miguu mitatu, nyepesi, ya mtu na mkewe. Mwende aliitupia jicho mara moja akasema hiyo ni ya kuchomea mahindi. La tatu lililetwa na dereva wa lori kutoka Mombasa, la gesi, mtumba wa ng'ambo, na lilipowashwa moto ulitokea upande usiotarajiwa ukala nyusi za Musyoka. Tulicheka mpaka Mwende akashika ukuta. Ilikuwa raha, siwezi kukana, na nikikumbuka kicheko chake siku ile naumia zaidi kuliko nikikumbuka machozi yake. Mwishowe Musyoka aliamua litengenezwe jipya. Akamwendea Mbithi, fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya stesheni ya reli, akamchorea vumbini kwa kijiti lile jiko la mtu wa kaptura.

Hapo ndipo walipoanza kuvutana. Musyoka alitaka jiko la kukunjika, jembamba, la kuingia nyuma ya kiti, lenye miguu mifupi ili mtu achome akiwa amekaa kwenye mkeka. Mwende alitaka miguu mirefu. Alitaka wavu mpana wa kubeba ubavu mzima wa mbuzi bila kukatwa. Alitaka vishikio pande zote mbili, watu wawili waweze kulivusha kwenye mchanga, kwa sababu kule kwetu gari haliwezi kufika mlangoni. Mbithi hakutaka kuingilia mambo ya watu. Alimwangalia huyu, akamwangalia yule, akasema kwake yeye miguu ni miguu, wamwambie tu urefu. Musyoka akacheka, akamwuliza Mwende miguu mirefu ni ya nini, au anapanga kumchoma twiga.

"Ni ya wazee," Mwende akasema. "Wazee hawainami."

"Wazee gani?"

Ndani ya nyumba Mwende aliweza kumwuliza lini, lakini mbele ya fundi, mwanamke kumkumbusha mwanamume mbuzi wa kumwolea ni kujivua nguo. Alikaza macho kwenye cheche za Mbithi mpaka nikaogopa ataumia. Musyoka naye alijua vizuri ni wazee gani. Alikuna shingo, akaangalia chini, kisha akamwambia Mbithi aweke miguu mirefu, ila iwe ya kuchomoka. Tuliporudi dukani Mwende alitembea mbele yetu akiimba wimbo wa kanisa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alipika pilau siku ambayo si sikukuu. Aliniambia jikoni, huku akipunguza sauti ili isipite kwenye plaiwudi, kwamba mwanamume hakubali kitu kama kile mbele ya fundi kama hana nia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimwamini. Nadhani ningemwamini hata leo.

Nimejiuliza mara nyingi kama Musyoka alikuwa akimdanganya. Siamini. Nafikiri alikuwa mtu wa aina ile ambayo ikiogopa jambo, inashughulika kwa bidii na jambo lililo karibu nalo, mpaka inajiona imefanya kazi kubwa. Wako wengi hivyo, na ni watu wazuri kukaa nao siku zote isipokuwa siku ile moja unapowahitaji. Mimi mwenyewe niliishi na mmoja baadaye, lakini hiyo si habari ya leo. Ninachojua ni kwamba jiko lilipokamilika, jeusi, zuri, na miguu yake minne ya bomba imefungwa pamoja kwa mpira wa tyubu, Musyoka alilala usingizi mzito wa mtu aliyetimiza wajibu. Dada yangu naye alianza kuhesabu wikendi.

Tulilijaribu Mtito Andei. Tulitoka kanisani, tukapanda pikapu na nguo zetu za ibada, Musyoka akaendesha huku akitutajia vilima kama mwongoza watalii. Tuliegesha nje kidogo ya mji, mahali malori yanapopumzikia, tukatandika mkeka, jiko likasimamishwa kwa miguu yake mirefu, na mguu wa mbuzi ukaanza kutoa mafuta. Moshi haukumaliza kupanda kabla dereva wa lori hajaja kuuliza kilo ni ngapi. Musyoka akamweleza kwamba hii ni familia, imetoka tu kutembea. Dereva akaangalia lile jiko refu, akaangalia mahali tulipoliweka, akakaa kwenye mkeka wetu na kusema isikaushwe sana, na kama kuna kachumbari aletewe. Wakaja wengine. Musyoka aliona aibu hadi masikio yakamwiva, lakini Mwende alicheka, akawakatia kila mmoja kipande bila malipo, na yule wa kwanza, akijilamba vidole, akamwambia Musyoka kwamba ana bahati kuwa na mke kama huyu. Tukirudi, tuliipita Makindu. Hapo Mwende akasema, bila kumgeukia, kwamba yule dereva amemwita yeye mke wa Musyoka. Musyoka akajibu, "Si ndivyo?" na akaongeza mwendo.

Baba alikuwa akija Kibwezi kuonana na daktari. Alipanda gari la wafanyabiashara wa mbuzi kutoka Ikutha asubuhi na kurudi nalo jioni akiwa hoi, na baba yetu mdogo, ndugu yake, akimshikilia. Siku moja Musyoka akatangaza kwamba safari hii tutamrudisha sisi. Tutapumzika njiani, alisema, tuchome nyama, mzee ale apate nguvu. Alinunua mbuzi mzima pale Kibwezi, akamchinjisha kwenye buchari, na nilipoona ni mbuzi mzima, wala si mguu wala si kilo kadhaa, nilimtazama Mwende naye akanitazama. Alikuwa amevaa rinda lake la buluu la Pasaka. Ndani ya gari alimshika mtoto kwa nguvu mno mpaka nikamwondolea. Baba alikaa mbele na Musyoka, fimbo katikati ya magoti, akauliza habari za mvua huku Makueni, na Musyoka akajibu kwa heshima zote, hata sauti yake ikabadilika.

Tulivuka Mto Athi tukaegesha kando, penye migunga na mchanga mwekundu. Baba alikalishwa kwenye kiti cha kukunja. Musyoka akachomeka ile miguu mirefu, akawasha mkaa, akalaza ubavu mzima juu ya wavu mpana, na ilikuwa kama Mwende alivyotaka kwa Mbithi: baba mdogo alisimama mbele ya jiko bila kuinama, akaigeuza nyama, akalisifu. Mwende alizunguka na sahani ya chumvi. Nilimwona midomo ikicheza, nadhani alikuwa anaomba. Ubavu ulipoiva Musyoka aliukata, akaupanga kwenye sinia, akalileta kwa Baba kwa mikono miwili, kichwa chini, kama tunavyofundishwa. Baba hakulipokea. Aliiweka fimbo chini kwanza.

"Kijana," akasema, "huyu mbuzi ni wa nini?"

Lile halikuwa swali la kumtega, na nasema hivi kwa uhakika kwa sababu baba mdogo alinieleza baadaye: walikuwa wameshakubaliana wawili hao, kwenye benchi la hospitali, kwamba kijana akifungua mdomo aombe siku ya kuleta ntheo, atapewa, hata akija na majirani mahali pa wazee wa kwao. Baba alijua hana muda mrefu. Alikuwa amemfungulia mlango na anaushikilia usijifunge. Musyoka hakuhitaji hata sentensi nzima. Angesema "Mzee, naomba siku," na mambo ya dada yangu yangenyooka palepale.

"Ni wa kula tu, mzee," Musyoka akasema, anatabasamu. "Tumefurahi kukuona una nafuu. Hakuna maneno."

Baba akanyoosha mkono akachukua kipande. "Haya, nitakula," akasema kwa upole. "Angekuwa ni mbuzi yule mwingine, wa maneno, ningesema tupande gari tukamchinjie nyumbani, na ningeuliza wazee wako wako wapi."

Akala, na akala vizuri, akamsifia mkono wake wa kuchoma. Baba mdogo alikula huku anaangalia ng'ambo ya mto. Mimi nilitafuna kitu ambacho sikukionja. Mwende aliendelea kushika sahani ya chumvi hata baada ya kila mtu kumaliza, na nilipomwendea nikambandua vidole, aliniambia ni jua tu limemchosha. Hakula hata kipande. Nilimchukia Musyoka pale kwa nguvu ambazo sikujua ninazo, na kilichonichoma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na furaha, anafunga mabaki kwenye karatasi, anapiga mluzi. Tulipofika Ikutha, alishuka akalibeba lile furushi hadi langoni, karibu nusu ya mbuzi. Baba akamwambia arudi nalo. Alisema walikula njiani na imetosha. Akaingia ndani na fimbo yake, na Mwaitu, mama yetu, aliyekuwa amesimama pale nje amejifunga leso mpya, akatuangalia mikononi, akaona hatukuleta mbuzi, akageuka akamfuata.

Kwenye njia ya kurudi Musyoka alimpigapiga Mwende gotini. Akamwambia si ameona alivyokula? Mzee akishakula nyama kutoka mkononi mwake, mbele ya ndugu yake, kumebaki nini tena? Hata suala la wazee limepita. Hapo nikaelewa ni kitu gani alichokuwa anakitengeneza mwaka mzima. Alidhani kwamba mbuzi akichomwa na kuliwa na baba mkwe, popote pale, na kila mtu akaridhika, basi ntheo imekwisha, na Mbooni hakuna haja ya kwenda. Mwende alingoja amalize.

"Umemlisha Baba," akasema. "Mimi hujanioa."

Hakumwuliza tena lini. Asubuhi nilisikia tu chai ikimiminwa. Musyoka alilipeleka jiko kila mahali, Makindu, miguuni mwa vilima vya Chyulu, akaalika marafiki wenye magari, likapata sifa mpaka Mbithi akaagizwa mengine ya namna hiyo. Mwende alikwenda mara chache, kisha akaanza kusema mtoto anakohoa. Asubuhi moja Musyoka alinyoa ndevu, akavaa koti, akasema anapanda Mbooni. Dada yangu alisimama barabarani mpaka pikapu ikapotea. Musyoka alirudi kabla ya chakula cha mchana na gunia la maparachichi, akasema hakumkuta mzee. Baadaye tulisikia kwamba mzee hakuwa ametoka nyumbani wiki ile. Na nitalisema hapa hapa ili nisilibebe zaidi: miaka michache baadaye, kwa ajili ya mwanamke mwingine, Musyoka alikwenda Mbooni akapiga magoti, na baba yake mdogo akamsamehe siku hiyohiyo wakanywa chai. Katunge hajawahi kuambiwa hivyo. Anajua tu kwamba baba yake na babu yake hawakuelewana, na hilo hata si kweli, kwa sababu walielewana sana.

Habari ya Baba ililetwa na lile gari la wafanyabiashara wa mbuzi. Alikuwa amekaa nje asubuhi akingoja uji, na Mwaitu alipotoka na kikombe alimkuta ameinamisha kichwa. Mwende hakupiga kelele. Alikaa juu ya springi za malori upande wangu wa plaiwudi na kusema jina la Baba mara nyingi, kwa sauti ya kawaida, mpaka nikamwomba anyamaze. Musyoka alilia kweli kweli. Alisafirisha viti kwa pikapu yake, alichota maji, hakulala, na majirani kule Ikutha wakawa wanaulizana huyu kijana mwema ni wa nani. Siku ya mazishi alivaa suti akaketi kando ya Mwende chini ya turubai, akampepea mtoto kwa kofia.

Mzee wa kanisa aliyeshika maikrofoni alianza kuwaita watu kuweka mashada. Aliitwa Mwaitu. Akaitwa baba mdogo. Kisha wakaitwa mabinti wa marehemu walioolewa, pamoja na waume zao. Dada yetu mkubwa, Kanini, akainuka na mumewe. Musyoka naye akainuka, akafunga kifungo cha koti. Nilikuwa safu ya mbele yao na nilisikia kila neno.

"Kaa chini," Mwende akasema. "Hujaitwa."

"Mwende, watu wanaona."

"Wameona siku nyingi."

Akakaa. Kanini na mumewe waliweka shada lao wakarudi. Wakaitwa watoto ambao bado wako nyumbani. Nilisimama, na kaka zetu wawili wakasimama, nikasikia kiti cha plastiki kikisogea nyuma yangu. Mwende alikuwa amemfunga Katunge mgongoni kwa leso na anakuja katikati ya viti, kichwa juu, watu wakivuta miguu kumpisha. Mwaitu alijifunika uso. Dada yangu akaja akasimama kando yangu, mahali anaposimama msichana ambaye hajaolewa, akanishika mkono. Tukainama tukaweka shada, na yule mzee wa kanisa, baada ya kutafuta maneno kidogo, akasema kwenye maikrofoni, "Hawa ndio wasichana wa hapa nyumbani."